Hema, Msitu na Ziwa: Majibu ya Maswali Yenu

Safari za kulala kando ya ziwa la msituni ndizo zilizoulizwa zaidi safari hii. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha, na mengine nimeyafupisha.

Tunataka tukifungua hema asubuhi tuyaone maji miguuni. Tulipige karibu kiasi gani na ziwa?

Si karibu hivyo. Kipimo kinachofuatwa na wapiga kambi wengi ni mita 60 kutoka ukingoni, kama hatua 80 za mtu mzima. Ukingo ndiyo njia ya wanyama wanaoshuka kunywa usiku, na udongo wake humomonyoka upesi ukikanyagwakanyagwa. Hata kama hayo hayakusumbui, ufikirie usingizi wako. Hewa ya baridi ni nzito. Usiku huteremka mabondeni na kutuama huko pamoja na unyevu wa ziwa. Anayelala ufukweni huamka akakuta matone yamejipanga kwenye dari la hema, na akiligusa kwa kichwa tu yanamshukia shingoni. Hema halijavuja. Ni pumzi zake na unyevu wa nje vilivyokutana na kitambaa baridi. Panda mteremko kidogo, na uache matundu ya hewa wazi hata kama kuna kibaridi.

Kabla ya kulitoa hema mfukoni, lala chali pale pale unapokusudia kulala. Mgongo utakupa habari za mawe na mizizi, na macho yatakuonyesha jambo kubwa zaidi: matawi makavu yaliyonasa juu. Tawi la namna hiyo halingoji upepo ndipo lianguke. Ukiliona, hama. Mandhari ya maji yafuate asubuhi, na kiti chako mkononi.

Ziwa likiwa na viboko au mamba, hizo mita 60 hazitoshi. Kiboko hutembea kilomita kadhaa usiku akitafuta nyasi. Huko piga kambi mahali palipotengwa tu, kwa maelekezo ya walinzi wa eneo.

Mume wangu hataki kusikia habari ya kulala chini. Nimepata mahali pa glempingi, hema lina kitanda na umeme, na picha zinavutia. Niulize nini kabla ya kulipa?

Picha hizo zilipigwa mchana, jua likiwaka. Nyinyi mtalala hapo usiku, pengine mvua inanyesha, kwa hiyo uliza mambo ya usiku. Choo kimo ndani ya hema, au mtatoka na tochi? Umeme ni wa nini hasa? Sola ndogo inatosha taa na kuchaji simu, lakini birika la umeme au pasi huimaliza betri mara moja. Kama ni jenereta, inazimwa saa ngapi, na iko umbali gani na kitanda chenu? Hema jirani je? Turubai halizuii sauti, na mazungumzo ya wenzenu mtayasikia neno kwa neno. Uliza pia kama madirisha yana wavu wa mbu usiotoboka, gari linafika hadi wapi, na mkiahirisha safari pesa zenu zinarudi au la.

Mwenyeji anayejibu haya bila kuzungukazunguka ndiye wa kumlipa. Na msione haya kuchagua kitanda. Mtu aliyelazimishwa kulala chini safari ya kwanza hapatikani safari ya pili.

Usiku ukiwa na baridi kali, tunaweza kuingiza jiko la mkaa hemani tukiacha zipu wazi kidogo?

Hapana. Hata dakika kumi, hata mkaa unaoonekana kama umekufa. Mkaa unaofuka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala hawezi kujua kwamba anaivuta. Jiko la gesi nalo lisiingie. Mtu akilalamika kwamba kichwa kinamgonga, anasikia kichefuchefu au kizunguzungu, na kuna moto wowote karibu, mtoeni nje kwenye hewa safi kwanza, kisha mtafuteni daktari.

Baridi ya hemani hutoka chini zaidi kuliko juu. Begi la kulalia likilaliwa hupoteza unene wake upande wa mgongo, na ardhi hunyonya joto lako usiku kucha. Blanketi la tatu juu yako halitasaidia kama chini kuna turubai tupu, ila mkeka mnene wa povu utasaidia. Badili nguo zote kabla ya kulala, kwa sababu za mchana zina jasho, vaa kofia, na uweke chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri miguuni. Unaponunua begi la kulalia, soma nyuzi joto mbili zilizoandikwa: moja ni ya kulala kwa raha, nyingine ni ya mpaka wa kuvumilia. Nunua kwa kufuata ile ya raha.

Maji ya ziwa ni meupe kabisa, unaona hadi chini. Tunaweza kuyanywa?

Weupe hauonyeshi vijidudu. Yachemshe hadi yatokote kwa nguvu, uyaache dakika 1 nzima. Mkiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, dakika 3. Vichujio vya kubeba mkononi huzuia bakteria na vimelea kama giardia, lakini vingi havizuii virusi. Dawa ya klorini nayo haiwezi kimelea kinachoitwa kriptosporidiamu. Kuchemsha kunamaliza vyote vitatu.

Lipo jambo moja ambalo kuchemsha hakuliwezi. Mkikuta maji yana utando wa kijani kama rangi ya ukutani iliyomwagika, huenda ni bakteria wa kijani-bluu, na sumu yao haiondoki kwa moto. Msinywe, msiogelee, na mbwa afungwe kamba, maana atayanywa na kisha ajilambe manyoya.

Watoto wetu wana miaka 5 na 8. Wote wanajua kuogelea kidogo. Nitulie?

Usitulie. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mikono, huzama kimya. Mtu mzima mmoja apewe zamu ya kuwaangalia tu, bila simu wala kitabu, akiwa karibu kiasi cha kuwafikia kwa mkono. Kwenye mtumbwi kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha, nawe pia. Maboya ya kujaza hewa yaacheni nyumbani, upepo wa ziwani huyasukuma katikati haraka kuliko mtu anavyoogelea. Kama maji ni ya baridi, waingie taratibu kwa miguu. Baridi ya ghafla humfanya mtu avute pumzi bila kutaka, na akiwa chini ya maji atavuta maji.

Katika nchi zenye kichocho, epukeni maji yaliyotulia yenye matete na konokono. Kujifuta kwa taulo haraka si kinga ya kutegemea. Aliyeingia apimwe wiki kadhaa baadaye. Dawa yake, prazikwanteli, ipo.

Tukisikia radi tuko hemani, tufanye nini?

Nendeni kwenye gari lenye paa la chuma au jengo la kudumu. Hema halikingi radi, na mti mrefu ndio mbaya kabisa. Aliye majini atoke kwenye ngurumo ya kwanza, asirudi hadi zipite dakika 30 tangu ya mwisho.

Moto wa kuni unazimwaje hasa?

Mwaga maji, koroga majivu kwa kijiti, mwaga tena. Kisha sogeza mgongo wa mkono karibu na majivu. Ukisikia joto lolote, rudia. Msifukie kwa udongo na kuondoka, moto hufuka chini kwenye mizizi na kuibuka mkiwa mmeshafika nyumbani. Kuni tumieni za hapo hapo, kama zinaruhusiwa kuokotwa, kwa sababu kuni zilizobebwa kutoka mbali huhamisha wadudu wanaoua miti.

Tumenunua sabuni isiyodhuru mazingira. Tunaweza kuoshea vyombo ziwani?

Hapana, hata hiyo. Imetengenezwa ioze ndani ya udongo. Chukueni maji kwa beseni, oshieni mita 60 kutoka ziwani, chujeni makombo kwa kitambaa, maji yatawanyeni ardhini. Makombo yarudi nyumbani pamoja na takataka nyingine, na usiku yakae ndani ya gari, si hemani.