Maswali na majibu: Mikoko haina bei ya jumla

Maswali ya safari hii yanahusu kuthamini mazingira kwa fedha ndani ya Tathmini ya Athari kwa Mazingira (TAM).

Naomba thamani ya hekta moja ya mikoko kwa dola, niiweke kwenye ripoti ya gati. Ripoti inatakiwa keshokutwa. (Mtaalam elekezi, Dar es Salaam)

Sina, na atakayekupa anakudanganya. Swali hili haliishi, na najua linakoishia: watu huokota wastani wa dunia wa watafiti Costanza na wenzake wa 1997, dola 9,990 kwa hekta kwa mwaka, wakazidisha kwa hekta za mradi, wakabadilisha kuwa shilingi kwa bei ya leo. Hizo ni dola za 1994. Zimechanganya mikoko na vinamasi vya maji chumvi, na theluthi mbili yake ni thamani ya kusafisha majitaka. Kama hori lako halipokei majitaka ya mji wowote, umeuza huduma isiyokuwepo.

Anza na wanaoutumia msitu: wakusanya kaa, wavuvi wa kamba, wakata nguzo, warina asali. Kisha tafuta thamani halisi, si mauzo. Kwa mfano, mkusanya kaa anauza kilo 4 kwa siku, kila kilo sh 8,000, jumla 32,000. Toa chambo na nauli 7,000, kodi ya mtumbwi 3,000, na ujira ambao angeupata kwingine siku hiyo, tuseme 10,000. Zinabaki 12,000. Akifanya kazi siku 14 za bamvua kila mwezi, kwa mwaka ni sh 2,016,000. Ukiandika mauzo matupu utapata 5,376,000, na wakili wa mwekezaji atakuchana mbele ya kila mtu. Umkadirie vilevile kwa siku za maji mafu na miezi ya kusi. Ukimhoji wakati wa neema peke yake, umepima neema.

Usihesabu mara mbili. Ukishathamini mikoko kama kitalu cha samaki kwa kutumia samaki wanaovuliwa nje ya hori, usiwaongeze samaki haohao kwenye mstari wa uvuvi. Na usiishie kwenye hekta zitakazokatwa. Tuta la barabara likizuia maji kupwa na kujaa, mikoko ya nyuma yake itakufa bila kuguswa na shoka. Mara nyingi hiyo ndiyo hasara kubwa, na ndiyo isiyoandikwa.

Sura ya uchambuzi wa gharama na faida ni lazima?

Kwa Tanzania, ndiyo. Soma kanuni za TAM za 2005. Nusu ukurasa unaosema "faida za mradi ni kubwa kuliko hasara zake" haujachambua kitu.

Nitumie kiwango gani cha punguzo, yaani asilimia ya kushushia thamani za miaka ijayo ziwe za leo? Benki inatukopesha kwa asilimia 18. (Mchumi wa mradi, Mwanza)

Si hicho. Riba ya benki imebeba mfumuko wa bei ndani yake. Hesabu yako ikiwa kwa bei za mwaka mmoja, zisizojali mfumuko, umepunguza mara mbili. Onyesha matokeo kwa viwango vitatu, mfano 3, 6 na 12, ili msomaji aone uamuzi unapogeuka. Hasara ya sh milioni 100 itakayotokea miaka 30 ijayo ina thamani ya milioni 41 leo kwa asilimia 3, na milioni 3.3 kwa asilimia 12. Anayechagua 12 bila kueleza amekwisha kuamua kwamba wajukuu hawana hoja. Halafu angalia muda: mradi ukiwa wa miaka 25, faida zinakoma mwaka wa 25, lakini chanzo cha maji kilichokauka hakirudi siku hiyo.

Tuliwauliza wanakijiji wangelipa kiasi gani kuokoa msitu. Wengi walisema sifuri. Tuandike sifuri?

Msiandike. Kuna sifuri ya "sina haja nao", ya "sina fedha", na ya "kwa nini nilipie changu mwenyewe?" Dodoso lisilouliza sababu ya sifuri ni karatasi ya kufungia maandazi. Ya tatu ni upinzani. Itengwe na itajwe idadi yake. Kwa ya pili, uliza siku za msaragambo au debe za mahindi, kisha geuza kwa ujira na bei za pale. Uliza kwa ndiyo au hapana juu ya kiasi kimoja kilichotajwa, ana kwa ana. Jopo la wachumi Arrow na Solow lilipendekeza hivyo mwaka 1993, baada ya mafuta ya Exxon Valdez kumwagika Alaska. Na msimpe mwenyekiti wa kijiji kazi ya kuhoji.

Mthamini amekwisha kadiria fidia ya mashamba na nyumba. Si inatosha?

Haitoshi. Kanuni za fidia za Tanzania za 2001 zinahusu mwenye ardhi: bei ya soko, usumbufu, usafiri, kodi ya nyumba ya miezi 36, faida iliyopotea. Mama anayeokota kuni kwenye msitu wa kijiji na mvuvi wa chini ya bwawa hawana shamba la kuthaminiwa, na hasara ni yao.

Chura ana thamani gani? (Mwanafunzi, Morogoro)

Unamsema wa bonde la Kihansi, penye mtambo wa umeme wa maji. Usimtafutie bei, tafuta gharama ya kumwokoa. Mtambo ni wa megawati 180, na chura aligunduliwa 1996, ujenzi ukiwa umeshaanza. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, rasharasha za maporomoko alizozitegemea zilikatika. Ikabidi zifungwe nozeli za kunyunyizia, vyura wapelekwe Marekani kuzalishwa, na maji kiasi yaachiwe bondeni, yaani umeme usiozalishwa. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Kila moja ya gharama hizo ina bei, na zingejulikana mapema kama bonde lingekaguliwa kabla ya mkataba.

Haya yote yanamfaidia nini mwekezaji? Kwake ni gharama tu.

Mwulize aliyefuatilia bandari ya Lamu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.76. Hasara ya mvuvi isiyoandikwa kwenye ripoti huandikwa kwenye hukumu, tena kwa hoja za wakili wake. Mweleze pia kwamba kuthamini baada ya eneo kuchaguliwa ni kupoteza fedha. Kazi hii iingie kwenye hadidu za rejea, ilinganishe angalau maeneo mawili pamoja na hali ya kutojenga kabisa, na iwe na jedwali linaloonyesha nani anapata na nani anapoteza. Jumla moja ya mwisho huwaficha wanaopoteza.