Nauli ya Kurudi Kwanza, Hoja Baadaye

Wiki iliyopita niliandikiwa na binti anayesoma Mbarara, mwaka wa pili. Hakuzunguka: "Kaka, mikutano yenu ya fikra huru naiona kwenye picha tu. Kila mara ni Kampala, kila mara ni Jumapili asubuhi, na kila mara mnaandika kiingilio bure. Bure kwa nani?"

Niliupeleka ujumbe ule kwa wenzangu tunaoandaa mikutano hiyo, ya watu wanaohoji dini na ushirikina kwa hoja. Mmoja wao, mtu mzima mwenye kazi yake nzuri, akajibu kwa mstari mmoja: "Mwenye nia atafika." Jibu hilo limenikera tangu siku ile, na ndilo lililonikalisha hapa kuandika.

Kama umefika kusoma haya, nadhani tunatafuta kitu kimoja: kijana wa chuo hapa Uganda apate mahali pa kukaa na wenzake, aulize maswali ambayo nyumbani hayaulizwi, kisha arudi salama. Basi nivumilie, maana haya ninayosema sikuyasoma popote.

Mimi ni mtoto wa baraki. Baba alikuwa askari, tukahamishwa huku na huko, ndiyo maana Kiswahili ni lugha yangu ya kwanza katika nchi ambayo ukikiongea sokoni watu wanashika mifuko yao. Nyumbani tulikuwa Wakatoliki wa kujaza benchi zima. Nilikuwa bado shule ya msingi habari za Kanungu, kule kusini-magharibi mwa nchi, zilipotufikia. Tarehe 17 Machi 2000, mamia ya waumini wa lile kundi la kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya jengo lao la ibada, na baada ya hapo miili mingine mingi ikafukuliwa kwenye nyumba zilizokuwa za kundi hilo. Miongoni mwa viongozi wao walikuwamo waliowahi kuwa mapadri. Wakubwa walisema, "Hao walipotoshwa," wakazima redio. Mimi nikabaki na swali: aliyepotoshwa anajijuaje? Nilimuuliza katekista, akanichapa. Sikuuliza tena kwa miaka mingi.

Nilipofika chuo Kampala ndipo nilipogundua kuwa si mimi peke yangu. Hizo zilikuwa enzi za Freethought Kampala, kundi lililokuwa na mikutano ya wazi mjini, na James Onen, yule mtangazaji wa redio, alikuwa mmoja wa sauti zake kubwa. Watu walikaa, wakanywa soda au bia, wakabishana kuhusu waganga, wachungaji wa miujiza na dawa za kienyeji, na hakuna aliyechapwa. Kwa kijana aliyetoka baraki ule ulikuwa ulimwengu mpya.

Lakini kilichonifunza kazi hii ninayoifanya sasa kilitoka kwenye kundi jingine, dogo, ambalo silitaji. Walinialika, nikaenda, nikapigwa picha nikicheka chini ya bango. Jioni hiyo hiyo picha ikawa Facebook, jina langu kamili chini yake. Karo yangu ilikuwa ikilipwa na baba mdogo, mzee wa kanisa kwao, mtu mwema ambaye hajawahi kuninyima kitu. Aliniita nyumbani. Hakunigombeza. Alisema tu, "Karo yangu nilikuwa namlipia mtoto wa kanisa. Huyu wa kwenye picha simjui."

Muhula uliofuata sikurudi darasani. Nilisimamisha masomo mwaka mzima, nikakaa kwenye kibanda cha mobile money pale Wandegeya nikihesabu pesa za watu, huku wenzangu wa darasani wakija kutoa za matumizi na kujifanya hawanioni. Waandaaji niliwabembeleza waiondoe picha. Wakaiondoa wakati haisaidii tena. Mmoja aliniambia, kwa sauti ya mtu anayetoa hekima, kwamba ukweli una gharama. Alisema hivyo akiwa na mshahara, nyumba na gari. Gharama ya ukweli wake nililipa mimi. Na mpaka leo hakuna hata mmoja wao aliyenipigia simu kuuliza kama nilimaliza chuo. Nilimaliza. Wajue hivyo.

Ndiyo maana mtu akiniambia mwenye nia atafika, damu inapanda.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Muhula uliopita tuliwaleta wanafunzi kutoka Gulu, Mbarara na vyuo vya hapa Kampala kwenye mkutano wa siku mbili, na wote walifika, wote walirudi, na hakuna aliyepoteza karo. Najivunia hilo kuliko shahada yangu.

Jambo la kwanza ni nauli, na jambo la pili ni nauli. Tuma kabla ya safari, tuma ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, na uongeze ya kutolea. Watu waliozoea mshahara wanasahau hiyo ya kutolea. Mimi nimekaa kwenye kibanda, nakwambia: tangu 2018 serikali inakata kodi mtu anapotoa pesa kwenye simu, nusu ya asilimia, juu ya makato ya kampuni yenyewe. Ukimtumia mwanafunzi nauli kamili ya basi bila ya kutolea, amepungukiwa, na ataona haya kukwambia. Atakwambia anaumwa. Ukisikia wanafunzi wengi wanaumwa siku ya mkutano wako, hesabu upya ulichotuma.

Kuna wafadhili, hasa wa ng'ambo, wanaopenda utaratibu wa kurudishiwa: msafiri alipe kwanza, alete risiti, kisha arudishiwe. Risiti ya nani? Teksi ya kutoka Nateete haina risiti. Boda haina risiti. Na huyo mwenye uwezo wa kulipa kwanza akasubiri mwezi mzima siye niliyekuwa namtafuta. Nilibishana na mfadhili mmoja mpaka akakubali orodha yenye saini badala ya karatasi za basi. Ilichukua barua pepe nyingi na kiburi changu chote, lakini alikubali. Ng'ang'ania hapo.

Kwa nini nasema ya kurudi itumwe mapema? Kwa sababu msichana ambaye nauli yake ya kurudi iko mfukoni mwa mwandaaji hayuko huru. Hawezi kuondoka mjadala ukimchosha, hawezi kuondoka mwanamume fulani akianza kumsogelea sogelea. Anasubiri bahasha. Tukijiita watu wa uhuru wa fikra na tumemfunga mtu kwa bahasha, tunachekesha.

Halafu saa. Wazee wetu wanaona fahari kukutana Jumapili saa nne asubuhi, wakati wengine wako kanisani, kama vile kuna anayewahesabu. Mwanafunzi anayeishi kwa shangazi yake Jumapili saa nne ana benchi lake, na benchi likiwa tupu shangazi anauliza. Jumamosi alasiri hakuna anayeuliza. Maliza mapema pia. Hosteli nyingi hufunga geti usiku, na mlinzi hajali kama ulikuwa ukijadili mageuko ya viumbe au ulikuwa disko. Wiki za mitihani usiite mtu kabisa.

Picha nimeshasema. Sisi tunaweka utepe mlangoni: mwenye utepe mwekundu hapigwi picha, hata kisogo. Jina la kwanza linatosha, hata la utani. Na tafadhali, usimwingize mtu kwenye kundi la WhatsApp bila kumwomba, maana namba yake inaonekana na kila aliyemo, na humo hakosekani binamu wa mtu. Wapo wanafunzi ambao karo yao inalipwa na mradi wa kanisa tangu wakiwa wadogo. Kwao picha moja ni miaka mitatu ya masomo. Na tangu Facebook ifungwe hapa Januari 2021, ukitangaza huko tu unawatangazia wenye VPN, ile programu ya kukwepa kufungiwa mtandao, na marafiki zako wa nje. Bandika karatasi ukutani Wandegeya na Kikoni, wanafunzi wanakopita kununua rolex, ile chapati ya kukunjwa na mayai.

Ninachotaka kukazia zaidi ni hiki: mpe mwanafunzi kazi. Usimlete kuwa umati wa kupigia makofi watu wazima.

Kwenye mkutano ule tulimwomba binti mmoja anayesomea maabara azungumze kuhusu selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi tunaouita sikoseli. Alikuja na maharage mekundu na meupe kwenye mfuko wa plastiki. Akawapa wawili waliokaa mbele, kila mmoja harage jekundu na jeupe, akawaambia wao ni baba na mama, wazima wote, ila kila mmoja amebeba nusu ya tatizo. Akawataka watoe harage moja moja bila kuangalia. Wakatoa, wakarudisha, wakatoa tena. Mara mekundu mawili, mara mchanganyiko, mara meupe mawili. "Hayo meupe mawili ndiye mtoto mgonjwa," akasema. "Kila mimba, nafasi moja kati ya nne. Haina kumbukumbu ya mtoto aliyetangulia." Akatueleza kuwa utafiti mkubwa uliopima damu za watoto wachanga nchini, uliochapishwa 2016, ulikuta asilimia 13.3 wamebeba nusu hiyo, bila kuumwa. Yaani katika chumba kile tulimokaa, wapo.

Kisha akasema kwao walizikwa watoto wawili, na jirani yao, mama mjane, akafukuzwa kijijini akisingiziwa uchawi. Hakulia. Alikusanya maharage yake akakaa.

Nimesikia wasemaji kutoka Ulaya na Marekani wakieleza fikra za kisayansi kwa picha za kompyuta, na sikumbuki hata sentensi moja. Maharage yale nimeyaona yakirudiwa na wanafunzi wawili wengine kwenye vyuo vyao, mmoja akiwa kwenye kikundi cha maombi cha chuo, mbele ya walokole, nao wakamsikiliza vizuri tu.

Na hapo kwa walokole niseme jambo ambalo wenzangu hawapendi kulisikia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akishuka kwenye teksi na godoro lake kichwani, nani anampokea? Ni wao. Wanambebea godoro, wanamwonyesha foleni ya usajili, wanampa juisi, wanamuuliza jina la mama yake. Sisi tunamsubiri mwaka wa tatu, akishachoka, ndipo tunampa hoja. Tunamshangaa nini akibaki kwao? Sensa ya 2014 iliwakuta Wakatoliki asilimia 39.3, Waanglikana 32, Waislamu 13.7 na Wapentekoste 11.1. Huyo kijana ametoka kwenye mojawapo ya nyumba hizo, na nyumba hizo zimemlea. Ndugu zangu mnaojiita watu wa kuhoji, hojini basi na hili: kama huwezi kumbebea mtu godoro, unataka akufuate kwa sababu gani? Kwa sababu hoja zako ni sahihi? Kuwa na hoja sahihi hakumshibishi mtu, wala hakumfikishi hosteli.

Wakikunyima ukumbi chuoni, na watakunyima, usiende kupiga kelele. Nenda na Katiba ya 1995. Ibara ya 7 inasema Uganda haitakuwa na dini ya taifa. Ibara ya 29 inalinda uhuru wa mawazo, dhamiri na imani, na inataja waziwazi uhuru wa kitaaluma katika taasisi za elimu. Andika barua, nukuu ibara, taja mada kwa lugha ya kawaida: "Selimundu na imani za uchawi" imetupatia chumba mahali ambapo "Mkutano wa wasioamini" ulinyimwa hata kiti. Wengine wanaita huo woga. Na waite. Sisi tulikuwa ndani tumekaa, wao walikuwa nje wakiandika malalamiko.

Waalike waumini pia, bila mtego. Wanafunzi wetu wengi bado wanasali, wengine watasali maisha yao yote, na wana maswali yale yale.

Sasa hivi kuna ubishi kwenye kamati yetu kuhusu pesa kidogo iliyobaki. Wenzangu wanataka kumleta mgeni mashuhuri kwa ndege. Nimewaambia tiketi moja ya ndege ni basi zima kutoka Gulu, chakula juu, na karibu kila mmoja wao akatazama pembeni. Kura bado. Nitashindwa, najua, kwa hiyo natafuta pesa nje ya kamati. Mnaotaka kuchangia, changieni nauli, na mweke ya kutolea. Fulana msilete. Zile za mwaka juzi zilizoandikwa "Sisali, Nafikiri" kifuani bado ziko chini ya kitanda changu, maana hakuna mwanafunzi anayeweza kuivaa nyumbani, na mimi nyingine nimezifanya matambara ya kufutia pikipiki.