Kabla hujajiita fundi, jua neno lenyewe limetoka wapi

Wadogo zangu mnaoanza saiti, siku hizi naona kijana kashika mwiko juzi tu tayari status imeshaandikwa fundi ujenzi, tailizi, jipsamu na paa, napatikana Dar na mikoani. Taratibu kwanza.

Fundi linatokana na kufunda, ileile kufunda ya kungwi akimkalisha mwali ndani. Humohumo ndo kuna mwanafunzi, kufundisha, mafunzo. Yaani fundi ni mtu aliyefundwa akaiva, na ukimpa kijana anaweza kumfunda. Wazulu kule Afrika Kusini nao wanayo, ukufunda kwao ni kujifunza au kusoma, na umfundisi ni mchungaji wa kanisa, mpaka Kiingereza cha kule mtu aliyebobea kwenye jambo wanamwita fundi. Hata watangazaji wetu wa mpira mchezaji akiwapiga chenga mabeki wawili wanapiga kelele fundi huyooo, wala hajashika nyundo maishani mwake.

Sasa we ukiingia kama saidia fundi usiangalie tu nani analipa vizuri, tafuta fundi anayeongea, maana kuna mafundi wanajua kazi kweli ila bahili wa maneno, utambebea karai la zege mwaka mzima na utatoka unajua kubeba karai basi. Muulize kwa nini tofali zinapishana na haziachwi maungio yakapanga mstari mmoja kwenda juu, kwa nini anashusha timazi (ule uzi wenye kizito chini) wakati pima maji anayo, kwa nini zege la lenta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha, anasema moja mbili nne (simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne) na anapigana na anayezidisha maji. Na kumwagilia! Wengi wanadhani zege linakauka kama nguo kwenye kamba, hapana, simenti inashikana kwa kufanya kazi na maji ndo maana unamwagilia angalau siku 7, ukiliacha jua la Dodoma lilinyonye linabaki dhaifu na linapasuka. Ukijua sababu hata saiti ngeni haikusumbui. Asiyejua sababu anakariri tu, na hao ndo mtaani wanaitwa fundi maiko.

Kingine, ofisini majina yana ngazi, msichanganye mkiandika barua za kazi: fundi mchundo ni wa cheti cha ufundi, fundi sanifu ana diploma, mhandisi ana digrii. Kuna mtu aliandika fundi sanifu kwenye barua kwa vile anapaka rangi kwa usanifu, wakamuuliza diploma ya chuo gani.

Na kama ufundi umeupata saiti bila kukanyaga chuo, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, wanakupima kile unachokijua tayari, penye upungufu wanakunoa, halafu unapata cheti. Ulizia chuo chao kilicho karibu, ila usiende kabla hujaweza kusimamisha kona ya ukuta mwenyewe.