Utulivu wa mgonjwa si nafuu

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la juma hili liliuliza ni jambo gani ambalo mtu anayeishi na maradhi ya kudumu angependa wahudumu wa idara ya dharura walijue kabla hawajaanza kumhudumia. Mimi nina selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, nimekulia Uyole, hapa Mbeya, na jibu langu ni kwamba mgonjwa wa aina yangu asipimwe kwa uso wake, kwa sababu huo uso amekwisha kuufundisha kunyamaza.

Idara ya dharura huwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao, si kwa zamu ya kufika, na utaratibu huo ni wa haki. Muuguzi hupima mapigo ya moyo, presha, joto na kiwango cha oksijeni, kisha humtazama mtu mwenyewe kama anavuja damu, anapumua kwa shida au amepoteza fahamu. Majeruhi wa bodaboda hujulikana tangu mlangoni. Mwenye selimundu hajulikani hivyo, maana chembe zake nyekundu za damu zimepinda na kukakamaa na kuziba mishipa midogo hadi mifupa inakosa oksijeni, lakini vipimo vyote nilivyovitaja vinaweza kusomeka kama vya mtu aliyekuja kumsindikiza mwenzake. Nami niliyeishi na maumivu haya tangu utotoni najua kwamba kujigeuzageuza na kupiga kelele huyazidisha, na humtia hofu anayeniuguza. Ndiyo maana naweza kusema kwa sauti ya kawaida kwamba maumivu yangu ni tisa kwa kumi, nikiwa nimeshika simu mkononi, na nikawa nasema kweli. Usiku mmoja, katika hospitali ambayo sitaitaja, mhudumu aliitazama simu hiyo akasema kwamba anayeumwa hachati. Nilikuwa namwandikia dada yangu aniletee blanketi, kwa kuwa nilikuwa nimekalishwa kwenye benchi la sementi, na baridi ni mojawapo ya mambo yanayoanzisha maumivu ya selimundu, pamoja na upungufu wa maji mwilini, uchovu na maambukizi. Wanaoujua mwezi wa Juni wa huku kwetu wataelewa. (Siku ya Selimundu Duniani huadhimishwa tarehe 19 Juni, katikati ya kipupwe, aliyeichagua hakuwa mtu wa Mbeya.)

Mwongozo wa tiba wa Uingereza wa mwaka 2012 unataka mgonjwa wa selimundu anayefika hospitali na maumivu makali apewe dawa ya kuyatuliza ndani ya dakika 30, na ule wa Marekani wa mwaka 2014 unataka iwe ndani ya saa moja tangu aandikishwe. Sidai kwamba hospitali zetu, ambazo usiku muuguzi mmoja huhudumia chumba kizima, zifungwe na dakika za watu wengine. Lakini mwongozo huo wa Uingereza unasema pia kwamba mgonjwa, au anayemuuguza, achukuliwe kuwa mjuzi wa hali yake, na jambo hilo halihitaji bajeti. Huku kwetu mwenye kisukari akitaja kiasi cha insulini anachojidunga husifiwa kwa kuujua ugonjwa wake, ilhali mwenye selimundu akitaja mofini, dawa kali ya maumivu, na kiasi kilichomsaidia mara iliyopita hutazamwa kama mlevi wa dawa.

Ujuzi ninaousema si wa maumivu tu. Mwenye selimundu huishi na damu pungufu siku zote; wingi wa damu yangu, yaani hemoglobini, ni gramu saba au nane kwa desilita hata siku ninapokwenda kazini. Daktari wa zamu asiyelijua hilo huona saba kwenye karatasi ya maabara akaagiza niongezewe damu mara moja, wakati damu isiyohitajika hurundika madini ya chuma mwilini na huweza kuufanya mwili utengeneze kinga dhidi ya damu nitakayoihitaji kweli siku nyingine. Dripu nayo ina kipimo chake, kwani maji yakizidi huelemea mapafu. Simlaumu daktari huyo sana. Selimundu imeenea zaidi katika sehemu ambazo malaria imekaa vizazi na vizazi, kama Kanda ya Ziwa, na kijana aliyesomea na kufanya kazi kwenye baridi ya nyanda hizi huenda hajakutana na wengi wetu. Namwomba tu aulize hali yangu ya kawaida ikoje, kisha atafute kilichobadilika. Na kilichobadilika kikiwa ni homa, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, au upande mmoja wa mwili kulegea, hapo anikimbize hata kama mimi mwenyewe nasema naweza kusubiri.

Kwa upande wangu, nimemwomba daktari wa kliniki aniandikie ukurasa mmoja wenye muhuri: aina ya ugonjwa, wingi wa damu na kiwango cha oksijeni ninapokuwa mzima, kundi la damu na kama nimewahi kudhurika kwa kuongezewa, dawa ninazotumia ikiwemo haidroksiurea, dawa ya kupunguza vipindi vya maumivu ya selimundu, ambayo hushusha chembe nyeupe za damu na inaweza kumchanganya asomaye vipimo, na dawa ya maumivu inayonifaa pamoja na kiasi chake. Mwenzangu wa Iringa mwenye pumu amefanya vivyo hivyo. Nakala moja inakaa kwa dada, na tumekubaliana kwamba nikishindwa kuzungumza ataitoa kwenye meza ya mapokezi kabla ya kutoa kadi ya bima, kisha ataomba iingizwe kwenye faili langu ili muuguzi wa zamu inayofuata aikute.

Msomaji wenu, Mbeya