Kabla hamjachangia kituo cha masomo ya Afrika, yapimeni masharti yenu

Mwaka 2008, sisi wazungumzaji wa Kiswahili katika mji mmoja wa Marekani ya kati tulianza kuchangia kituo cha masomo ya Afrika cha chuo kikuu ambako nilikuwa nikifundisha. Tulikuwa Watanzania, Wakenya, na familia kadhaa za Wakongo na Warundi. Tulichanga kama tunavyochangia harusi na misiba: daftari la ahadi, mweka hazina mmoja asiyeona haya kukumbusha watu, na wali kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Baada ya miaka miwili tulikuwa na dola 25,000. Nililia siku ile tulipokabidhi hundi.

Fedha hizo ziliwekwa kwenye mfuko wa kudumu. Maana yake mtaji hauguswi; chuo huuwekeza na kutoa sehemu ndogo tu kila mwaka, kwa kawaida kama asilimia 4. Kwa hiyo dola zetu 25,000 zingezaa dola 1,000 kwa mwaka. Wengi wetu hatukulijua hilo mpaka tulipoketi kusaini. Nawe unayefikiria jambo hili, piga hesabu hiyo mapema na uwaambie wachangiaji wenzako, ili asije mtu akadhani mtoto wa watu atasomeshwa miaka minne kwa mfuko huo.

Kosa kubwa nililifanya mimi. Niliombwa niandike masharti, nami nikaandika kwamba fedha zitolewe kwa mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa tatu anayekwenda kusoma Zanzibar wakati wa kiangazi. Nilikuwa na wanafunzi watatu wa namna hiyo, na niliwaona wao tu.

Mwaka 2011 bajeti ya serikali kuu kwa masomo ya kimataifa na lugha za kigeni ilikatwa kwa takriban asilimia 40. Hapo inabidi nieleze. Kiswahili katika vyuo vikuu vingi vya Marekani kilikuwa kimesimama juu ya fedha hizo. Msingi wake ni sheria ya mwaka 1958, iliyopitishwa baada ya Wasovieti kurusha satelaiti ya Sputnik Oktoba 1957 na Wamarekani kushtuka kwamba wameachwa nyuma katika sayansi, na kwamba hawazijui lugha za dunia. Sura ya Sita ya sheria hiyo ndiyo iliyolipia vituo vya masomo ya kanda za dunia, kama Afrika, pamoja na ufadhili wa wanafunzi wa lugha. Kabla yake kulikuwa na wafadhili binafsi: Chuo Kikuu cha Northwestern kilianzisha programu yake ya masomo ya Afrika mwaka 1948 chini ya mwanaanthropolojia Melville Herskovits kwa msaada wa shirika la Carnegie, na baadaye wakfu wa Ford wakamwaga fedha nyingi katika vyuo kadhaa. Hao wote walikuwa na sababu zao, na sababu zikibadilika, fedha huondoka.

Pale kwetu, mshahara wa mwalimu wa pili ulitoka kwenye ruzuku hiyo. Alipoondoka, darasa la mwaka wa tatu likafungwa. Mfuko wetu ukakaa na faida yake, hauna wa kumpa, huku mkurugenzi akihangaika kutafuta dola mia tatu za kumlipa mtu wa kuzungumza na wanafunzi mara moja kwa wiki. Fedha zetu zilikuwa katika jengo lilelile, na hakuweza kuzigusa. Kubadilisha masharti kulihitaji wanasheria wa chuo na sahihi za watu waliosaini mwanzo, na mmoja wao, mzee wetu aliyechanga kuliko sote, alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Ilituchukua karibu miaka miwili.

Ndiyo maana nasema, andikeni matakwa yenu kama kipaumbele, msiyafanye kufuli. Maneno tunayotumia sasa ni haya: “Kipaumbele apewe mwanafunzi wa Kiswahili. Asipopatikana, mkurugenzi wa kituo atumie fedha kwa ufundishaji wa Kiswahili au lugha nyingine ya Afrika Mashariki.” Sentensi mbili tu. Ombeni pia mletewe barua kila mwaka inayoeleza zilikokwenda, na muulize kama chuo hukata asilimia yoyote ya mchango kwa ajili ya uendeshaji.

Kama hamna hakika ya kufikisha kiwango cha mfuko wa kudumu, msione unyonge kutoa fedha za kutumika mwaka huohuo. Nimekaa ofisi moja na wakurugenzi watatu, na sijamwona hata mmoja aliyefurahia hundi kubwa yenye masharti mengi kuliko mchango mdogo anaoweza kuutumia kesho kulipia nauli ya mgeni au kunakili vitabu. Septemba 2025, Wizara ya Elimu ya Marekani iliposimamisha ruzuku za vituo hivi, kilichobaki mikononi mwa wengi ni michango ya aina hiyo. Ulizeni na makazini kwenu: waajiri wengi huongezea mchango wa mfanyakazi wao, dola kwa dola, na fomu yake ni ya dakika kumi.

Vitabu na kanda za sauti za wazee wetu ni hazina, lakini msitume maboksi bila kuuliza. Kuziorodhesha na kuzihifadhi ni kazi ya mtu anayelipwa. Toeni na kitu kidogo cha kazi hiyo, la sivyo zitalala ghalani.

Mwaka jana mfuko wetu ulimlipa mama mmoja Mrundi, ambaye zamani alikuwa akitupikia wali ule wa Jumamosi, aje mara mbili kwa wiki kuzungumza na wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Walikuwa tisa.