Boriti za darini: usikate kabla ya kutegemeza

Ndugu yangu, nimekuelewa: dari ya nyumba ya marehemu babu, hapo Mji wa Kale, Mombasa, umeigeuza chumba cha kulala, boriti mbili zinakugonga kichwa, na fundi asema zikatwe leo leo. Mwambie asubiri.

Boriti inayolala ukuta hadi ukuta mara nyingi ndiyo inayozuia paa lisizisukume kuta nje. Na kuta zenu ni mawe ya matumbawe na chokaa, hazina nondo. Aamue mhandisi wa majengo, si fundi. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, kwa hiyo ulizia ruhusa pia.

Kwa sasa, chomeka bisibisi pale boriti inapoingia ukutani. Ikizama kama kwenye boflo, mchwa washamaliza; asilale mtu chini yake.

Siku ya kazi, zima umeme. Simamisha nguzo za chuma za kutegemeza paa, na ghorofa ya chini weka nyingine chini yake sawasawa, mpaka ardhini. Sakafu ya dari peke yake haibebi uzito huo. Boriti mpya, ikae juu zaidi ya ilipo ya sasa mhandisi akiridhia, ifungwe kabla ya ile kuukuu kutoka. Toa boriti moja kwanza: ifunge kamba, ikate vipande. Kichwa kilichobaki ukutani usiking'oe kwa mtaimbo, utaondoka na mawe. Kichonge polepole kwa patasi, uzibe kwa chokaa, si saruji, ukuta upumue.

Na fanyeni wakati wa kaskazi. Masika yakikukuta paa wazi, utahama na godoro kichwani.