Jibu: Kutunza kamera za wanyama Udzungwa

Ndugu, umeuliza kama asiyesomea wanyamapori anaweza kujitolea kutunza kamera za kutegea wanyama (hujipiga zenyewe zikihisi kitu chenye joto kinachosogea) msituni kwenye milima ya Udzungwa, Tanzania. Anaweza kabisa, mradi apate kibali cha hifadhi na aongozane na askari. Utabadili betri na kadi ya kuhifadhia picha, utahakiki saa na tarehe, utapangusa lenzi. Kazi kubwa ni majani: kata kila kinachochezacheza mbele ya kamera, maana jani moja lililopata joto la jua likipeperushwa na upepo hujaza kadi picha tupu. Kagua na sisimizi ndani ya kasha. Ni kazi ya maana sana. Sange mwenye uso wa kijivu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, alinaswa kwanza na kamera ya namna hii, msitu wa Ndundulu huko huko Udzungwa, mwaka 2005. Funga kamera usawa wa goti, ukiipandisha mno sange atapita chini bila kuonekana.